Muulize Mwalimu: Chokaa, mkate na kuta za Pompeii

Toleo lililopita niliandika juu ya Pompeii, mji wa Kirumi kusini mwa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK. Nilieleza jinsi mlipuko ulivyokwenda, na habari za nyumba nikazigusa kwa aya moja tu. Barua zilizokuja karibu zote zinauliza lile nililolipita mbio: watu wale waliishije, na picha zao za ukutani zilichorwaje hata zikadumu. Basi mlima leo tunauacha, tunaingia majumbani.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi rangi hapa Tanga. Nyumba niliyoipaka mwaka juzi tayari inabanduka, na wewe unasema rangi za Pompeii zina miaka karibu elfu mbili. Walitumia rangi gani hao? – Fundi, Tanga

Marahaba, fundi. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana marehemu baba yangu alikuwa mwashi wa chokaa Mji Mkongwe, Unguja, nami nimekulia katika vumbi hilo. Dawa yenyewe iko kwenye lipu iliyo chini ya rangi.

Chokaa unaijua. Mawe yanachomwa tanurini, yanazimwa kwa maji, yanachemka na kufuka, halafu unabaki na ule uji mweupe mzito unaolazwa shimoni. Sisi pwani tulichoma matumbawe. Warumi walichoma mawe ya chokaa ya milimani kwao. Ukishaipaka ukutani, chokaa inavuta hewa ya kaboni na polepole inarudi kuwa jiwe. Mchoraji wa Pompeii alipaka rangi yake lipu ikiwa bado mbichi, na rangi yenyewe ilikuwa unga wa udongo au wa jiwe uliokorogwa na maji. Lipu ilipogeuka jiwe, unga ule ukanaswa ndani yake. Rangi yako ya kopo inakaa juu ya ukuta kama shati juu ya mtu. Yao ilikuwa ngozi.

Kwa hiyo kazi ilikimbizana na saa. Hawakupiga lipu ukuta mzima kwa mkupuo. Walianzia juu karibu na dari, wakapiga kipande wanachoweza kukichora kabla hakijakauka, wakakimaliza, wakashuka. Ukisogea karibu, mwanga ukija kwa ubavuni, unaona kiungo cha lipu ya jana na lipu ya leo. Na unaona alama ya kamba. Mafundi waliivuta kamba ikakaza, wakaikandamiza kwenye lipu mbichi ili wapate mstari ulionyooka, na msokoto wa kamba ukabaki umejichora kwenye chokaa. Nilipokwenda kule, mbele ya alama hiyo nilisimama muda mrefu kuliko mbele ya picha yoyote. Baba alivuta kamba vilevile, nami nilikuwa mtoto wa kushika ncha ya pili.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika juu ya ujenzi, alitaka tabaka tatu za chokaa na mchanga, kisha tatu za chokaa na unga wa marumaru. Pompeii wengi walipiga tabaka pungufu, lakini walizikandamiza na kuzisugua mpaka ukuta ukang'aa.

Na rangi zenyewe: nyekundu na manjano zilitoka kwenye udongo, nyeusi kwenye mkaa na masizi. Buluu ilipikwa tanurini kwa mchanga na shaba, ujuzi uliotoka Misri, na baadaye ikatengenezwa Puteoli, bandari iliyo karibu na Naples. Nyekundu kali kupita zote ilitokana na jiwe lenye zebaki lililochimbwa Hispania. Bei yake iliwekewa ukomo kwa sheria, sesta 70, yaani sarafu za Kirumi, kwa ratili, na mwenye nyumba ndiye aliyeinunua akamkabidhi fundi. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi ambaye mlipuko huohuo wa Vesuvius ulimuua, ameandika kwamba wachoraji waliiba rangi hiyo kwa kusuuza brashi zao mara kwa mara. Unga ni mzito, unazama chini ya maji. Jioni fundi anamwaga maji na kuchukua kilichobaki. Pliny anayaandika haya kwa jicho la tajiri aliyeibiwa. Mimi ninamwona hapo mtu aliyeshinda siku nzima akipaka ukutani mali ambayo hawezi kuinunua.

Jambo moja zaidi ambalo fundi utalipenda. Udongo wa manjano ukipata moto mkali unageuka mwekundu. Baadhi ya kuta tunazoziona leo nyekundu zilikuwa za manjano mpaka siku ile.

Kuhusu nyumba yako, kama ni ya zamani, ya mawe na chokaa, halafu mtu akaja akapiga simenti juu yake, hakuna rangi itakayokaa. Simenti inafungia unyevu ndani. Nyumba ya shangazi yangu ilikarabatiwa hivyo na mkandarasi mmoja. Masika mbili tu, ukuta ukavimba na kuanguka vipande. Bandua simenti kwanza, rudisha chokaa, ndipo uzungumze na mwenye nyumba habari za rangi.

Mwalimu, mimi nauza chakula stendi. Niliona kwenye toleo lile picha ya kaunta yenye matundu makubwa. Ni kweli nao walikuwa na mama ntilie? – Msomaji wa Morogoro

Walikuwapo, dada yangu, karibu kila kona. Kaunta yenyewe ilijengwa kwa mawe na lipu, ikaelekea njiani ili mteja asilazimike kuingia ndani. Yale matundu ni midomo ya mitungi mikubwa iliyojengewa humo. Sababu ya biashara ile kushamiri ni ileile unayoijua wewe: mtu aliyepanga chumba cha juu, au anayelala nyuma ya duka, hana jiko. Anashuka na bakuli lake.

Duka moja lilionyeshwa hadharani Desemba 2020, na ni la kutazama kwa makini. Mbele ya kaunta wamechorwa bata wawili waliochinjwa, vichwa chini, tayari kwa kupikwa. Pembeni yuko jogoo, na mbwa mwenye ukosi na kamba shingoni. Upande mwingine binti wa baharini amepanda farasi wa majini. Wataalamu walipochunguza mitungi walikuta kipande cha mfupa wa bata, na mabaki ya nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Kwenye mtungi wa mvinyo, chini kabisa, palikuwa na maharage yaliyosagwa, yaliyotiwa ili kurekebisha ladha na rangi. Bata ukutani na bata mtungini! Mteja asiyejua kusoma alipita njia akajua leo kuna nini. Watu wanaponiambia sanaa ya Warumi ni sanamu za marumaru za wafalme, nawaambia waanzie kwa wale bata.

Katika duka jingine, linaloitwa la Vetutius Placidus, mtungi mmoja ulikuwa na karibu kilo 3 za sarafu ndogondogo. Hayo ni mauzo. Wewe unajua sarafu ndogo zinavyolemea mfuko na zinavyochosha kuzihesabu usiku.

Mkate nao. Mji ule ulikuwa na matanuri ya mikate zaidi ya 30. Moja, linalojulikana kwa jina la Modestus, lilifunguliwa na wachimbaji likakutwa na mikate 81 imegeuka mkaa mtupu, bado imekaa ilivyopangwa. Mkate wao ulikuwa wa duara, umetiwa alama za kukatia vipande vinane juu yake, na kiunoni una mfuo uliouzunguka kama uliofungwa uzi. Kwenye mkate mmoja kutoka mji jirani wa Herculaneum umegongwa muhuri, na unasomeka mpaka leo: wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus.

Unga ulisagwa hapohapo, kwa mawe ya volkano yenye umbo la ngoma iliyobanwa kiuno. Punda walizungushwa humo, na mara nyingine watu.

Kiungo chao kikubwa kilikuwa mchuzi wa samaki waliochachishwa kwa chumvi juani, siku nyingi. Anayejua harufu ya ng'onda na papa mkavu hatashangaa. Tajiri wa biashara hiyo, Aulus Umbricius Scaurus, alitandika sakafuni, ukumbini mwa nyumba yake, chupa nne za mchuzi kwa vijiwe vya mozaiki, kila pembe moja, zikiwa na maandishi ya kuisifu bidhaa yake. Mgeni alikaribishwa na tangazo la biashara kabla hajapewa kiti.

Mwalimu, mwenzangu shuleni amesema kuna mama aliyegeuka jiwe akiwa amemkumbatia mwanawe. Ni kweli? – Mwanafunzi, Eldoret

Mwanangu, hakuna aliyegeuka jiwe. Miili ilifunikwa na majivu, majivu yakagandamana, miili ikaoza na kuacha uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia uchimbaji, aliamuru uji wa jasi umiminwe kwenye uwazi huo, ukagande, ndipo majivu yaondolewe. Unachokiona ni jasi, na mifupa imo ndani yake.

Na huyo mama unayetajiwa nadhani ni mtu aliyekutwa na bangili ya dhahabu na mtoto karibu yake. Kwa miaka mingi viongozi wa watalii walimwita mama. Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha vipimo vya vinasaba: alikuwa mwanamume, na hakuwa na undugu wa damu na mtoto yule. Mwambie mwenzako. Mtu mzima aliyekufa na mtoto asiye wake mapajani ni habari nzito vilevile, na ni ya kweli.

Mwalimu, salaam aleikum. Warumi hao walitujua sisi wa pwani hii? – Mzee wa Lamu

Wa aleikum salaam, kaka. Walitujua kupitia biashara. Katikati ya karne ya 1 BK, yaani enzi zilezile za Pompeii, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Anashuka na pwani yetu, anayoiita Azania, mpaka soko la mwisho aliloliita Rhapta. Kwetu walichukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Jina Rhapta lenyewe, anasema, limetokana na mashua zilizoshonwa. Wewe wa Lamu hadithi za mitepe umezisikia kwa wazee: mbao zimeshonwa kwa kamba, bila msumari.

Mali hiyo ilipanda Bahari ya Shamu, ikavuka Misri, ikapakiwa Alexandria, na bandari ya Puteoli niliyoitaja kwenye rangi ya buluu iko mwendo mfupi tu kutoka Pompeii. Matajiri wa Kirumi walipenda vitanda vilivyopambwa kwa magamba ya kasa. Bahari ya Hindi ilifika ndani ya mji wenyewe pia: mwaka 1938 kilichimbuliwa humo kinyago cha mwanamke kilichochongwa India kwa pembe ya ndovu.

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi za ndani hapa Muscat, na gazeti nalisoma kwenye simu usiku. Nyumba ulizozieleza ni nzuri sana. Waliozifagia walilala wapi? – Msomaji wa Muscat

Marahaba, binti yangu. Umeuliza swali ambalo mimi, na ualimu wangu wote, sikuliuliza katika toleo lile.

Nje kidogo ya kuta za Pompeii, mahali panapoitwa Civita Giuliana, mwaka 2021 walifukua chumba cha watumwa cha mita za mraba 16. Vitanda vilikuwa vitatu, viwili vya urefu wa mita 1.70 na kimoja cha mita 1.40, cha mtoto. Mbao zilioza, lakini majivu yalitunza umbo, nao wakamimina jasi kama walivyofanya kwa miili. Ndipo ikaonekana kwamba vilikuwa vitanda vya kamba, kamba zimesukwa kwenye fremu, bila godoro, blanketi limetupwa juu. Kitanda cha kamba sisi hatuhitaji kuelezwa. Hapohapo walipolala palikuwa ghala: mitungi imepangwa pembeni, na sanduku la mbao lenye vifaa vya farasi. Kidirisha kimoja kidogo kiko juu. Kuta hazina picha hata moja; kuna alama tu ya mahali pa kutundika taa.

Mwishoni mwa 2023 wakatangaza kingine, tanuri la mikate ndani ya mji. Madirisha yake madogo yana nondo za chuma, na mlango wake haukutoka nje, uliingia ndani ya nyumba ya tajiri. Sakafuni zimechongwa alama za kuongoza hatua za punda, ambao walizunguka wamefungwa macho. Watu walifungiwa humo pamoja na wanyama.

Sasa nenda, kwa picha za simu, mpaka nyumba ya Vettius wawili, watu waliokuwa watumwa, wakaachwa huru, wakatajirika. Ukumbi wao mmoja una mstari mrefu wa picha ndogo nzuri mno, juu ya ukuta wa rangi nyeusi na nyekundu. Zinaonyesha kazi: kufua nguo, kufua dhahabu, kuchanganya manukato. Lakini wanaofanya kazi ni vitoto wanene wenye mabawa, hawatoki jasho. Waliojua kazi kwa mikono yao wenyewe ndio waliolipia picha hiyo. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nakumbuka vile vitanda vya kamba.

Mwalimu, namtunza bibi mmoja Naples, na nina Jumapili moja ya mapumziko. Niende wapi, nione nini? – Msomaji wa Naples

Nenda Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuingia ni bure. Panda treni ya Circumvesuviana, shuka Pompei Scavi, na lango la Porta Marina liko karibu. Vaa viatu vya soli imara, kwa sababu njia zao ni za mawe makubwa yaliyochimbika mistari ya magurudumu. Utaona mawe matatu matatu yaliyoinuka katikati ya njia. Hayo ni ya kuvukia, mtu asikanyage maji machafu, na nafasi kati yake ni za magurudumu ya mikokoteni. Mji una kama hekta 66, usijaribu kuumaliza.

Fuata Via dell'Abbondanza moja kwa moja. Kwenye bomba lolote la mtaani, lile birika la mawe lenye sura iliyochongwa inayotema maji, tazama ukingo wake. Pande mbili za mdomo jiwe limelika, limekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ni viganja vya watu walioegemea hapo kuinama na kunywa, vizazi na vizazi. Weka chako.

Kuta za njia hiyo zilijaa matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa kwa rangi. Mji mzima umetoa zaidi ya 2,500. Yaliandikwa na mafundi wa maandishi, usiku, njia zikiwa wazi. Mmoja, Aemilius Celer, aliongeza mwishoni kwamba ameandika peke yake, kwa mwanga wa mwezi. Katika tangazo jingine Statia na Petronia wanaomba watu wao wawili wachaguliwe. Wanawake hawakuwa na kura, lakini ukuta waliupata.

Mozaiki kubwa ya vita vya Alexander Mkuu, yenye vijiwe zaidi ya milioni moja, usiitafute mjini humo. Iko kwenye jumba la makumbusho hapo hapo Naples unapoishi. Iache kwa siku nyingine.

Endelea mpaka karibu na mwisho wa njia, kabla hujafika uwanja wa mapigano ya wapiganaji. Kuna nyumba inayoitwa ya Octavius Quartio; kama imefungwa, muulize mlinzi, huwa wanafungua kwa zamu. Nyuma yake kuna bustani ndefu yenye mfereji wa maji, na kwenye mfereji pana mahali pa kulia chakula, mawe mawili ya kujilaza. Ukutani kuna picha mbili, ya Narcissus anayejitazama majini, na ya Pyramus na Thisbe waliokufa kwa mapenzi. Sitasema ni picha bora za Pompeii. Miguu ya watu imekuwa mifupi, na damu imepakwa haraka.

Lakini hawa mafundi ninaowasifu tangu barua ya kwanza, karibu wote hawakuacha jina. Hapo inama, tazama kwenye jiwe la kujilaza, chini ya Pyramus. Kuna maneno mawili ya Kilatini: *Lucius pinxit*. Lucius alichora. Ukirudi niandikie, unieleze herufi bado zinasomeka kiasi gani.